Minibisi ya koperative: tuinunue, lakini tuhesabu kwanza



Kila mmoja wetu hapa katika tambarare ya Ruzizi amekwisha kuketi kando ya barabara na vitunga vya nyanya, akingoja gari. Saa moja ya asubuhi unafika na mzigo wako kwenye kinga. Saa tatu kamyo inapita, imejaa. Saa sita jua linawaka, nyanya za chini zinaanza kutoa maji. Saa tisa mnunuzi anafika na gari yake. Anasimama, haulizi bei, anasema bei yake. Anajua kwamba nyanya hairudi shambani. Wewe pia unajua, na ndiyo maana unakubali.

Sisi wa koperative yetu, kati ya Luvungi na Sange, tumeuza namna hiyo miaka mingi. Leo tunayo minibisi yetu, Hiace ya okazioni iliyotumika kwanza Japani, na nyanya zetu zinafika Uvira siku ileile zilipochumwa. Koperative nyingi zinatuuliza: ni vizuri kununua gari ao hapana? Na kama ni vizuri, kwa nini minibisi na si kamyo? Tunaandika hapa maoni yetu bila kuficha makosa yetu, maana tumefanya mengi.

Siku ya mkutano mkuu, vijana walitaka kamyo. Kamyo inaonekana, ina sauti, na koperative yenye kamyo inaheshimiwa. Wazee wengine walitaka feza igawanywe tu, kila mtu aende na yake. Kisha mama mmoja muuza nyanya akasimama nyuma ya chumba. Alisema: "Kamyo itabebaka mupunga mara mbili kwa mwaka. Siye tunauzishaka kila juma. Na mimba haingojake mavuno." Watu walicheka, lakini walipomaliza kucheka hakuna aliyepata jibu.

Yule mama alikuwa ameona jambo ambalo sisi wa komite hatukuliona. Tulikuwa tunafikiri juu ya mavuno makubwa, lakini maisha ya mkulima si mavuno makubwa tu. Mpunga unaweza kukaa katika depo mwezi mzima, ukikodi kamyo siku moja unabeba wote. Nyanya, bilinganya, mboga, maziwa na samaki havikai. Hivyo vinatoka kidogo kidogo, kila juma, na vinataka gari ya kidogo kidogo.

Basi, minibisi ina nini cha kupendeza?

Kwanza, kipimo chake ni kipimo cha mazao yetu. Hiace inabeba kama tani 1 tukiheshimu mashini. Hiyo ni mizigo 10 ya kilo 80, pamoja na mama wachache wanaokwenda kuuza. Juma moja ya nyanya za wanamemba wetu ni safari mbili za namna hiyo. Kamyo ingetembea nusu tupu, na kamyo nusu tupu inakunywa mazutu mengi kwa kila mzigo inaoubeba.

Pili, viti vinatoka. Siku ya soko tunaondoa viti vya nyuma, tunapakia. Siku ya mkutano wa mafunzo tunavirudisha, tunapakia watu. Kamyo inajua kazi moja, minibisi inajua kazi mbili.

Tatu, imefunikwa. Mvua ikinyesha, mbegu na mbolea havilowani. Gari ikisimama, hakuna mtu anayepanda nyuma kuchomoa kitunga.

Nne, kila fundi anaijua. Hili ni jambo kubwa kuliko rangi na uzuri. Gari ambayo pyesi zake hazipatikani Uvira wala Bukavu ni nyumba ya kuku ya bei kali. Kabla ya kununua tulikwenda katika magaraji matatu, tukauliza fundi swali moja tu: ni gari gani unayoitengeneza kila siku? Majibu yao ndiyo yalituchagulia.

Lakini minibisi si dawa ya kila ugonjwa. Haiingii katika mashamba wakati wa mvua. Tumbo lake liko chini, na gurudumu zinazosukuma ni za nyuma tu. Tulijaribu mara moja kuipeleka mpaka kwenye mifereji ya mpunga, tukaitoa kwa kamba na watu ishirini. Tangu siku hiyo kinga na moto zinaleta mizigo mpaka barabara kuu, na minibisi inaanzia hapo. Usimuonee wivu mwenye kinga: bila yeye gari yako haina cha kubeba.

Sasa tufike kwenye hesabu, maana hapa ndipo koperative nyingi zinaanguka. Tunatoa mfano. Namba hizi ni za kufundishia, kila koperative iweke zake.

Tuseme gari inakwenda soko mara 2 kwa juma, maana yake safari 8 kwa mwezi. Kila safari mizigo 10, na kila mwanamemba analipa dola 3 kwa mzigo, kama alivyokuwa akilipa gari za watu. Hiyo ni dola 30 kwa safari, dola 240 kwa mwezi.

Tutoe matumizi. Mazutu dola 12 kwa safari, ni 96 kwa mwezi. Mshahara wa shofere 80. Feza ya kutengeneza 40. Karatasi, yaani asiransi, vinyeti na kontroli, tukigawa kwa miezi, 20. Jumla ni dola 236. Zinabaki dola 4.

Dola 4! Na watu wengi wakifika hapa wanafurahi, wanasema gari inajilipa. Haijilipi. Gari inazeeka kila siku kama sisi. Kama uliinunua dola 6 000 na unafikiri itakutumikia miaka 5, sherti uweke dola 100 kila mwezi ili siku itakapokufa uwe na nyingine. Sasa, mahali pa kubaki na dola 4, unakosa 96.

Ndiyo maana tunasema: gari inayokwenda na mzigo na kurudi tupu inakula koperative polepole. Kurudi ndiko kunakoponya. Sisi tunarudi kutoka Uvira na chumvi, sabuni, misumari, mbegu na watu wanaolipa nauli. Katika mfano wetu, tukiingiza dola 15 kila kurudi, ni dola 120 kwa mwezi. Tuliyokosa inalipwa, na zinabaki dola 24.

Mtu atasema: dola 24 kwa mwezi, taabu yote hii? Ndugu, faida ya gari haiko katika kitabu cha gari. Iko katika nyumba za wanamemba. Tuseme mzigo wa nyanya kando ya barabara ni dola 20, na sokoni Uvira ni dola 30. Toa dola 3 za gari na dola 1 ya soko, zinabaki 26. Mkulima amepata dola 6 zaidi kwa kila mzigo. Kwa mizigo 80 ni dola 480 kila mwezi, na feza hiyo imelala kwetu, haikulala kwa mnunuzi. Gari yenyewe sherti isikose, lakini tusiitafutie utajiri. Kazi yake ni kulinda bei ya mkulima.

Tena kuna jambo ambalo hatukulitazamia. Wanunuzi wa kando ya barabara wangali wanakuja, na wengine wetu wangali wanawauzia. Lakini siku hizi wanauliza bei. Wanajua kwamba wakitupa bei mbaya, tutapakia. Hata siku ambayo gari inalala kwenye depo, inasimama nyuma yetu tunapobishana.

Sasa tuungame. Mwaka wa kwanza tuliharibu karibu kila kitu.

Hatukuwa na kitabu cha safari. Mwenye kuhitaji gari alimuona prezida, na prezida hakujua kusema hapana. Gari ilikwenda kwenye ndoa, kwenye matanga, kwenye ubatizo, kwenda kumchukua shemeji wa mkubwa fulani. Sisi wa komite ndio tulikuwa wa kwanza kupanda bure. Tulikuwa tunasema: "Ni gari yetu, siye batumishi ba koperative." Mama wa nyanya walilipa dola zao kila safari, sisi tulipanda juu ya dola zao.

Mwezi wa tisa bwata ya vitesi ikavunjika. Tukafungua sanduku la kutengeneza gari, hatukukuta hata nusu ya bei ya fundi. Gari ililala kwenye garaji majuma saba, katika mavuno mazuri ya nyanya. Wanunuzi walirudi kando ya barabara na bei yao ya zamani, wakicheka. Juma lile tulifanya mkutano mgumu kuliko yote. Mama mmoja alituuliza swali fupi: "Hii gari ni ya nani?" Hatukuthubutu kujibu haraka.

Kutoka mkutano ule tulipata sheria zetu. Tunaziandika ili ninyi msizinunue kwa bei tuliyolipa.

Ufunguo hauko tena kwa prezida. Unatunzwa na mama mmoja ambaye si wa komite. Hatoi ufunguo bila karatasi yenye sahihi mbili.

Kila safari inaandikwa: siku, shofere, namba ya kilometa kabla na baada, mazutu, mizigo, feza iliyoingia. Kitabu kinafunguliwa mbele ya wote kila mwisho wa mwezi. Asiyejua kusoma anasomewa.

Ndoa na matanga vinalipwa. Prezida analipa sawa na mwanamemba, na mwanamemba analipa kidogo kuliko mgeni. Hakuna deni.

Feza ya kutengeneza na feza ya gari ya kesho haviwekwi katika sanduku moja na feza ya mbegu. Zikikaa pamoja zinakulana.

Karti roze imeandikwa jina la koperative. Hili tunalikaza sana. Inchi yetu iliingia katika OHADA mwaka 2012, na kwa sheria ya OHADA juu ya koperative, koperative iliyoandikishwa inavyopaswa ni mtu mbele ya sheria: inaweza kuwa na mali kwa jina lake. Tumeona gari za koperative zilizoandikwa jina la mtu mmoja "kwa kuwa ni rahisi". Mtu huyo akifa, wajane na watoto wanadai gari, na karatasi inawapa haki. Taabu ya kuandikisha ni ndogo kuliko kesi.

Kuna sheria moja ambayo haina hesabu ndani yake. Siku moja saa kumi ya usiku gari ilikuwa imekwisha pakiwa, nyanya zote zimepangwa, mama wauzaji wamesimama na vitambaa vyao. Baba mmoja akafika akikimbia: bibi yake alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jioni, na mtoto hashuki. Mwenye nyanya akasema tupitishe kwanza mzigo. Mwingine akasema tumuweke mgonjwa mbele, karibu na shofere. Lakini mtu wa namna ile hawezi kuketi. Tulinyamaza kidogo, na kwa kweli tunasikia haya juu ya kunyamaza kule. Kisha mama wa nyanya wenyewe wakaanza kupakua. Kwa dakika chache vitunga vyote vilikuwa chini.

Mama yule alifika hospitali, akazaa kwa kupasuliwa, yeye na mtoto wakapona. Nyanya zilifika soko kwa kuchelewa, nyingine zikauzwa bei ya chini. Katika mkutano uliofuata tuliandika: ugonjwa mkali na uzazi vinapita mbele ya mzigo wowote, saa yoyote, na hakuna kuulizwa feza kabla ya kuondoka. Familia inalipa mazutu baadaye, polepole. Hasara ya wenye mzigo inagawanywa kwa wote, haibaki juu ya mtu mmoja. Tuliweka kisanduku kidogo kwa kazi hiyo, kila mwanamemba anatia franga chache kila mwezi. Kamyo yetu ya ndoto isingeweza kufanya kazi hiyo: nani atamlaza mama mzazi juu ya mabati ya kamyo?

Tuseme pia neno juu ya usalama. Nyingi ya gari hizi zinatoka Japani, ambako watu wanaendesha upande wa kushoto wa barabara. Usukani uko kuume. Sisi Kongo tunaendesha upande wa kuume, kwa hiyo shofere ameketi upande wa majani, haoni vizuri gari inayomkabili anapotaka kumpita mwenzake. Sherti awe na konvoyeri mbele, upande wa kushoto, wa kumtazamia. Na kuna hatari nyingine ambayo watu wanaisahau: mlango wa kuteleza uko upande wa kushoto, basi kwetu unafunguka katikati ya barabara. Mtoto anashuka, moto inapita. Kwetu konvoyeri anashuka wa kwanza, anatazama nyuma, kisha anafungua. Tena anasimama hapo mpaka wa mwisho ashuke.

Moteri ya Hiace ya zamani iko chini ya viti vya mbele, na joto la tambarare mnalijua. Shofere atazame maji na mafuta kila asubuhi kabla ya kuwasha. Gari iliyochemka mara moja haisahau.

Bidoni za esanse haziingii katika gari yenye watu. Sisi wa huku hatuhitaji kufundishwa juu ya hilo. Tarehe 2 Julai 2010 kamyo ya esanse ilianguka Sange, moto ukawaka, watu zaidi ya 200 wakafa. Anayetuambia "ni bidoni moja tu" tunamuonyesha upande wa Sange.

Na dawa za kuua wadudu hazisafiri pamoja na chakula. Chupa moja ikimwagika juu ya mboga, huwezi kuiosha ukauza. Dawa zina safari yake, na baada yake gari inaoshwa.

Basi maoni yetu ni haya. Koperative yenye mazao ya kila juma, iliyo karibu na barabara inayopitika na yenye soko lisilo mbali sana, inunue minibisi kabla ya kufikiri kamyo. Koperative ya mpunga, mahindi na muhogo mkavu tu, ambayo inauza mara mbili ao tatu kwa mwaka, isinunue: ikodi kamyo siku ya kuuza, ilale usingizi. Na koperative ambayo bado inagombana juu ya kitabu cha feza, isinunue hata kinga. Gari haiponyi ugomvi. Inauongezea gurudumu.

Kama hamna hakika, fanyeni kama tulivyopaswa kufanya. Kodini minibisi ya mtu kwa msimu mmoja, siku zilezile za soko. Andikeni kila safari kana kwamba gari ni yenu. Toeni mshahara wa shofere, toeni feza ya pyesi, toeni ile dola 100 ya gari ya kesho. Mwisho wa msimu fungueni kitabu mbele ya wote. Kama hesabu inasimama, nunueni. Kama haisimami, mmepata faida kubwa tayari: hamkupoteza dola 6 000.

Kisha, kabla ya kulipa, ulizaneni katika mkutano lile swali la mama: hii gari itakuwa ya nani? Kila mtu atajibu "ni ya siye bote". Msikubali jibu hilo haraka. Ulizeni tena: nani atatunza ufunguo? Nani atamkatalia prezida? Siku vitunga vimepakiwa na mgonjwa akafika, nani ataanza kupakua? Mkipata majibu matatu, mko tayari.

Tunawatakia mavuno mema na barabara njema.